Bwana Tofali Alinililia Nikiwa Hai

Wapendwa, nimesimama hapa kwa miguu yangu mwenyewe, na kwa hilo peke yake Mungu apewe makofi. Mchungaji ameniomba niseme kweli tupu, niseme kwa ufupi, na nimalizie na msamaha. Kweli nitaisema. Ufupi nitajaribu. Hilo la tatu tutaona tukifika.

Mimi ni Nekesa, mke wa Afande Okiria wa magereza, mama yake Apolot. Hapa Mpumudde mmenijua juzi tu, tangu mume wangu alipohamishiwa Jinja. Kwetu si hapa Uganda, ni Kenya, upande wa Bungoma, kwa hiyo Kiswahili ndicho nilichonyonya. Najua wengine wenu mnakikwepa, mnasema ni lugha ya askari na viboko. Leo nivumilieni, maana na mimi nina mtu wa kuchapa.

Kabla ya ugonjwa tulikuwa tunakaa Mbale, mtaa wa Namatala. Nilikuwa nauza mitumba sokoni. Mwili ulikuwa na nguvu: furushi la nguo nilikuwa nalibeba kichwani kutoka kwenye gari hadi mezani kwangu bila kuomba msaada wa mtu. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kinamasi cha mafunjo, marefu kuliko mwanamume mrefu. Wanawake walikuwa wanayakata kidogokidogo kusuka mikeka. Mbu walikuwepo, siwezi kudanganya, lakini tulikuwa tunapika nje jioni, tunapiga hadithi, na homa ilikuwa jambo la kupita.

Halafu akaja mtu tuliyempa jina la Bwana Tofali. Yeye anakaa juu, kwenye miteremko ya mlima Wanale, huko kwenye upepo wa baridi. Alikuja na vijana wake na majembe, wakafyeka mafunjo yote, wakaanza kuchimba udongo wa kufyatulia matofali. Walikuwa wanachimba shimo, udongo mzuri ukiisha wanaliacha, wanasogea kuchimba lingine. Mvua ikanyesha, mashimo yakajaa maji. Watoto wakaanza kuogelea humo. Maji yalikuwa yanang'aa juani, hata mtu unaweza kuyasifu.

Baada ya hapo jioni zetu zikaharibika. Mbu walikuwa wanashuka jua likizama, kabla ugali haujaiva. Mimi ndiye niliyemfuata Bwana Tofali kwenye tanuru lake. Nilikuwa na mimba, tumbo limeanza kuonekana. Nikamwambia kwa adabu, "Bwana, mkimaliza shimo, lifukieni. Tunaumwa na mbu kupita kiasi."

Akacheka. Akasema, "Dada, nyumba yako imejengwa kwa nini? Si kwa tofali? Mbu ni wa Mungu, mimi sikuwaleta."

Neno hilo nililiweka moyoni. Bado liko.

Ugonjwa ulinianzia sokoni, jua limesimama utosini. Nikasikia baridi. Nikavaa koti moja la kuuza, nikaongeza la pili, wateja wakawa wananicheka. Kufika nyumbani, viungo vilikuwa vinauma kama nimepigwa, na kichwa kilikuwa kinagonga. Nikameza vidonge vya maumivu, nikalala. Ndani ya neti, sikieni vizuri, ndani ya neti. Asubuhi nikatapika maji ya kijani, machungu. Mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi. Macho yakawa ya njano.

Mume wangu ni Mteso kwa kabila, na Kiswahili chake ni cha kambini. Akaniangalia akasema, "Mama Apolot, hii si mchezo. Nakwenda hospitali sasa hivi, hata kama wewe nakataa." Akanibeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitalini wakanitoboa kidole. Daktari alikuwa mama mmoja mnene, mpole, asiyeficha kitu. Akasema, "Malaria imekuwa kali. Damu yako imekwisha, na mimba inakupunguzia kinga. Tutapigana." Wakanichoma sindano, wakaniwekea dripu, wakaniongezea damu. Mtu niliyepewa damu yake simjui, lakini namwombea kila siku.

Mtoto alitoka siku hiyohiyo. Alikuwa wa kiume. Sikumwona, kwa sababu nilianza degedege mimi mtu mzima, nikauma ulimi, halafu nikazama. Jirani yangu Mama Zaituni ndiye aliyempokea katika kanga yake. Wanawake wakaenda kumzika nyuma ya nyumba yetu, karibu na migomba. 

Basi. Wakati nimezama, daktari akaamuru nihamishiwe wodi ya mahututi. Huko vitu vya kutoka nyumbani haviingii. Mnajua hospitali zetu: mgonjwa anakwenda na godoro lake, beseni lake, blanketi lake. Mume wangu akaambiwa avirudishe. Akafunga godoro nyuma ya bodaboda, beseni akalishika mkononi, akapita katikati ya Namatala mchana kweupe. Alikuwa hajalala tangu niugue, macho mekundu. Watu wakamsalimia, hakuitikia. Akaingia ndani, akafunga mlango, akaanguka kitandani.

Nyinyi mngefikiri nini? Kwetu godoro likirudi bila mgonjwa, mgonjwa hayupo tena. Na mtoto walikuwa wameshamzika. Mwanamke mmoja akapiga yowe, wa pili akapokea. Wanaume wakaleta magogo, moto wa matanga ukawashwa uani kwetu. Mume wangu anakoroma ndani, mimi napumua hospitalini, na watu wanaimba nyimbo za maziko.

Bwana Tofali naye akaja. Alishuka kutoka Wanale na koti jeusi, akaleta sukari. Akasimama kando ya moto, akatoa hotuba. Mama Zaituni alinirudishia neno kwa neno. Alisema, "Marehemu alikuwa mchapakazi. Lakini akina mama, tujifunze. Serikali inatoa neti, mtu anaifanya uzio wa kuku, halafu tunasema ni mbu. Tumwachie Mungu." Akafuta uso kwa leso. Jua lilipoanza kushuka akaangalia saa, akapanda pikipiki, akarudi kwenye upepo wake.

Mume wangu alipoamka na kufungua mlango, waombolezaji wakamzunguka kumpa pole. Akauliza, "Nani nakufa hapa?" Wakamwambia, "Mkeo." Akasema, "Yeye iko hospitali. Mimi naleta godoro tu." Watu wakachukua viti vyao mmojammoja.

Mimi nilifumbua macho siku nyingine. Masikio yalikuwa yanavuma, mikono imekonda, nywele zinatoka kwa mafungu. Daktari akaniambia habari ya mtoto akiwa amenishika kiganja. Nikalia bila machozi, mwili haukuwa nayo. Baadaye nikamuuliza, kwa nini mimi, na neti ninayo? Akauliza naishi wapi. Nikamweleza. Akatikisa kichwa akasema, "Mafunjo yana kivuli, mbu wa malaria hapendi kuzalia humo. Anapenda maji madogo yanayopigwa na jua. Huyo aliyechimba amemjengea nyumba. Na jioni mkipika nje, neti iko kitandani."

Wapendwa, hapo ndipo nilipopona. Dawa ilifanya kazi yake, Mungu alifanya yake, lakini kilichoniinua kukaa ni hasira. Nilikunywa uji kwa hasira. Nilijifunza kutembea tena nimeshika ukuta, kila hatua nalitaja jina la yule bwana.

Mama yangu mzazi alikuwa amevuka mpaka kuja kuniuguza. Aliposikia habari ya matanga, aliweka kikombe chini. Nyumbani kwetu mtu aliyeliliwa akiwa hai harudi kimyakimya. Moto wa kifo chake unawashwa tena palepale, na wote waliouota wanakuja kuuota pamoja naye, mpaka magogo yaishe na majivu yatupwe. Asiyekuja, huyo ndiye anayetaka kifo kibaki katika boma. Na sisi Wabukusu na Wagisu wa Mbale ni ndugu, mila zetu zinasikilizana. Mama akasema, "Na huyo wa koti jeusi aitwe." Nikasema, "Huyo aitwe wa kwanza."

Alikuja. Angekataaje, mtaa mzima umeshaambiwa? Nilimpokea kwa heshima. Nikampangia kiti kizuri chenye mito, mbali na moto, moshi usimsumbue mgeni. Kiti kilikuwa kimeligeuzia mgongo shimo lake kubwa kuliko yote, lile lililo karibu na migomba. Wanawake wote tulikaa kwenye moshi, tumejifunika mablanketi mpaka shingoni. Alikuja na shati la mikono mifupi.

Jua likazama. Tukawasikia mbu wanakuja. Alianza kujipiga shingoni, akaja kwenye viwiko, akaja kwenye vifundo vya miguu. Akaomba asogee kwenye moto. Mama akamwambia mgeni habadilishi kiti, mila haitaki. Alipopiga kofi kubwa shavuni, nikasema kwa sauti ya chini, lakini wote wakanisikia, "Usiwapige, bwana. Hao ni watoto wako, umewalea mwenyewe. Mwanangu uliwapa wao."

 Nilimwambia mbele ya watu: neti yangu iko kitandani, nenda ukaiangalie. Nikamwonyesha migomba, nikamwambia aliyelala pale. Akainamisha kichwa. Magogo yalipokwisha, tukatupa majivu shimoni mwake, akaondoka bila kuaga.

Haukupita muda mrefu, homa ikamwangusha. Mtu wa kwenye upepo mwili wake haujazoea, daktari alishanieleza. Wakamshusha hospitali ileile. Mnanitazama hivyo? Nilifurahi. Nilisikia habari hiyo nikifua, nikafua nguo zote, hata safi.

Mke wake akaja kwangu mbio. Akasema, "Dada, mume wangu anasema umemroga. Tafadhali ondoa laana."

Sikumroga. Nilimkalisha tu karibu na mali yake. Lakini sikumwambia hivyo. Mchungaji, najua, usikune kichwa. Nilimwambia, "Laana iko ndani ya mashimo. Kila shimo analofukia, inapungua."

Alipopata nguvu ya kusema, aliwatuma vijana wake wale wale. Wakabomoa tanuru, wakabeba matofali yaliyovunjika, wakaleta malori ya udongo. Tulikaa uani tunatazama shimo moja baada ya lingine linakunywa mali yake. Mama Zaituni alichemsha chai tukaburudika. Miche ya mafunjo nayo imeanza kuchipua ukingoni. Jioni za Namatala bado hazijarudi kama zamani, ila watoto wanaougua wamepungua, kila mama pale atakwambia.

Namshukuru Mungu aliyenirudisha. Namshukuru yule daktari, mwenye damu, mama yangu, na Baba Apolot aliyenibeba mgongoni, hata kama ndiye aliyeniua kwa godoro. Nanyi mlio hapa, shikeni haya. Homa ikikuanza, nenda upimwe siku hiyohiyo, usikae na vidonge vya maumivu kama mimi. Mwenye mimba asikose kliniki, na dawa ya kinga akipewa aimeze palepale. Laleni ndani ya neti. Jioni jifunikeni. Lakini mkisha kulala ndani ya neti, ulizeni pia nani amechimba nje. Hapa Jinja nimeshaona watu wanaokata mafunjo huko bondeni na kuchota mchanga. Nendeni mkawasemeshe mapema, kwa adabu. Adabu ikishindwa, niiteni, ninacho kiti chenye mito.

Sasa Mchungaji ananikonyeza, anataka msamaha. Nitausema ulivyo. Bwana Tofali alipopona vizuri, na woga ukapona. Amebakiza shimo moja. Ni lile la karibu na migomba, lililo kubwa, na kila mvua ukingo wake unamomonyoka kumwelekea mwanangu. Anasema udongo umekwisha, anasema nimpe muda. Nimemwahidi Mungu kwamba siku nitakayosimama juu ya shimo lile na miguu yangu ikabaki mikavu, nitamsamehe, na nitarudi hapa niwaambie.

Mpaka siku hiyo, kila jua likizama nampigia simu. Hata jina silitaji, anaijua sauti yangu. Namuuliza swali moja tu, kwa upole, halafu nakata.

"Bwana, leo umesikia baridi?"