Kanisa zima lilimlilia mtoto wa kitabuni, mimi wangu sikumlilia

Admin, kisa changu kiweke, ila jina langu lifiche, maana huku Masasi nikitajwa tu hata mbuzi wanageuka.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja. Shule niliishia kidato cha pili, mengine nimefundishwa na dunia: nimeuza vitenge Msumbiji, nimepiga debe Mtwara, nimekaa Dar mpaka Dar yenyewe ikanichoka. Sasa nina kibanda cha spea za pikipiki Mkomaindo, hapa hapa Masasi. Lakini msinione fundi spana. Mimi ni mwandishi wa riwaya. Naandika mapenzi ya Kikristo ya zama za wamisionari, wale mababu waliokombolewa utumwani, mchumba anayesubiri miaka bila kumgusa binti wa watu hata mkono. Vijitabu nachapa steshenari, vinauzwa nje ya kanisa baada ya ibada, vinaisha watu hawajamaliza kusalimiana. Wenzangu wana digrii, mimi nina wasomaji.

Mwaka jana mvua zilipoanza, binti yetu Neema aliumwa, tukampeleka hospitali, hakurudi. Alikuwa na miaka sita. Nasema hivyo hivyo, kavu, kwa sababu ndivyo ilivyo ndani yangu.

Siku ya mazishi watani zetu walikuja kama desturi. Wakaziba mlango jeneza lisitoke mpaka wapewe soda, wakachekesha watu. Mfiwa kazi yake ni kukaa na kuwavumilia. Mimi niliwajibu. Niliwatania watani wenyewe mpaka wakaishiwa. Mmoja wao, mzee, akaniinamia sikioni: "Kaa chini, baba. Leo hii ni kazi yetu, wewe una yako." Nikaendelea. Nilidhani ndiyo kuubeba msiba kiume.

Wiki hazikupita nyingi nikarudi kwenye kuandika. Shujaa wangu Yohana alikuwa ameshamuoa Agnesi wake, basi nikawapa binti, kisha nikamuua huyo binti. Yohana nikamlaza juu ya kaburi, akalia mpaka sauti ikakauka. Sijawahi kuandika kitu kikali kama kile. Akina mama wa kanisani wakawa wananipigia simu wanalia. Mmoja wa Chiwata akasema, "Baba Neema, umetumaliza. Mkeo ana bahati, kapata mwanaume mwenye moyo." Nikaweka simu kwenye spika ili mke wangu naye asikie.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. Simu ilipokatika akasema, "Kanisa zima limemlilia mtoto wa kitabuni. Wangu mimi, baba yake alichekesha watu."

Kesho yake alipanda gari la Newala, kwao.

Nikamfuata. Kikao kikawekwa kwa mjomba wake, maana kwao Wamakonde mjomba akishasema, imekwisha. Mzee alitoka kupulizia mikorosho dawa, unga wa salfa bado uko kwenye nyusi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mkwe. Tunasikia wewe ni mtu wa maneno. Haya, tupe."

Nikapiga magoti. Nikasema nyumba bila yeye ni kanisa lisilo na kengele, kwamba mkono wangu umesahau kazi nyingine zote isipokuwa kumtafuta. Mama mkwe akajifuta macho kwa kanga. Mjomba akakohoa kidogo, akaangalia pembeni. Nikaona tayari, leo narudi na mtu.

Mke wangu alisubiri nimalize. Akasema taratibu, "Mjomba, hayo ni maneno ya Yohana kwa Agnesi, kile kijitabu chenye jalada la kijani. Hata kupiga magoti kumo."

Jamani, miaka yote hiyo najua mke wangu hasomi vitabu vyangu. Kumbe kasoma vyote.

"Mkwe, ni kweli?" mjomba akauliza.

Nikajibu, "Mjomba, angalau nimemuibia mtu ninayefahamiana naye."

Hakucheka mtu.

"Sijakukataa, Baba Neema," mke wangu akasema. "Jumamosi ijayo uje. Uniambie jambo moja la mwanangu ambalo hujaliweka kitabuni. Moja tu. Ukinipa hilo, tunaondoka wote."

Nikaona rahisi. Nikarudi Masasi, nikakaa kibandani kuwaza. Alivyokuwa anaficha ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye kofia yangu: nilishampa binti wa Agnesi. Alivyosali mbio mbio ili awahi sahani: imo. Alivyomwita mjusi "mchungaji" kwa sababu anatikisa kichwa: imo, na watu waliipenda sana. Alivyonishika kidole gumba pale hospitali, akakishikilia mpaka mwisho, hiyo ndiyo niliyofungia kitabu. Kila ninachogusa kina uso wa yule mtoto niliyemtunga. Neema mwenyewe simwoni. Nafumba macho namtafuta, napata aya.

Na bado silii. Wateja wanakuja, nawatania, wananunua plagi, wanaondoka wanacheka. Jirani yangu muuza mitumba ananiambia nimeupokea msiba vizuri.

Najua mtaniambia nitunge. Kutunga naweza, hata sasa hivi, na ningemliza mjomba na salfa yake. Lakini yule ndiye aliyemzaa, akinitazama tu atajua. Na nampenda. Hilo halijatoka kwa Yohana.

Jumamosi ndiyo hii inayokuja. Kwa hiyo ninyi mliozika watoto, ninyi tu, wengine mnisamehe: yule wa kwenu mlimpataje tena? Niambieni, niende Newala na kitu cha kumpa mama yake.