Kalolaine Aenda kwa Mdogo Wake

Kalolaine alikataa katakata mkeka wake usafiri chini na mizigo. Mhudumu wa ndege alibembeleza, akachoka, akaondoka. Basi ukakunjwa juu ya mapaja yake, na kwa kuwa mimi ni jirani yake kijijini na siku hiyo jirani yake wa kiti, nusu ya mkeka ikawa yangu.

"Seini, usiukunje huo ukingo."

"Umenitwisha wewe mwenyewe, sasa unanigombeza? Koma!"

Tulikuwa tukienda Auckland, ambako Toakase, binti wa Sitiveni, mdogo wake wa kiume, alikuwa anaolewa. Katika ndugu zao wote wamebaki Kalolaine na Sitiveni tu. Na harusini kwetu Tonga hakuna mkubwa kuliko shangazi, awe tajiri au hana kitu. Kalolaine hakutaka kwenda mikono mitupu, ndiyo maana mwaka mzima alizunguka visiwani kuomba wasukaji wamsaidie kuusuka mkeka huo.

Safari hizo ndizo alizonisimulia huko juu, mimi nikiwa nimefumba macho kwa woga. Meli ya kwenda visiwa vya Vavaʻu ilimtapisha hadi akatubu dhambi ambazo hakuzitenda. Wanawake wa huko wakampokea kwa viazi vikuu na nyama ya kopo, wakaacha kusuka mikeka yao wakasuka wa kwake. Kule visiwa vya Haʻapai, mjane mmoja alimpa kitanda, yeye akalala chini, asubuhi akadai kitanda kile humuumiza mgongo.

"Mwongo mkubwa yule," Kalolaine alisema huku machozi yakimlengalenga. "Mungu amzidishie. Nimewafanyia nini mimi watu hawa, Seini?"

Nilimwambia hajawafanyia kitu, ashukuru tu anyamaze, ndege inatikisika. Akanyamaza kweli, nami nikajua kuna jambo.

"Sitiveni akinikumbatia je?"

Sikucheka. Kwetu kaka na dada hawakai chumba kimoja wala hawataniani, sembuse kukumbatiana. Dada huwekwa juu, na asiyemweka juu dada yake amemwacha. Na jirani yetu mmoja aliyerudi likizo alitangaza kijiji kizima kwamba Sitiveni siku hizi anakumbatia kila mtu, kama Wazungu. Kalolaine hakuwa amemwona tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

"Akinikumbatia," alisema, "nitajua mimi kwake ni mtu yeyote tu. Mkeka nitautoa, lakini ndugu sina tena."

Niliupapasa ule mkeka.

Tulipotoka nje kwa wanaopokea wageni, Toakase alikuja mbio na shada la maua. "Shangazi! Shangazi yangu!" Nyuma yake nikamwona Sitiveni, ndevu nyeupe, mwili umejaa, amefungua mikono akimkumbatia mzee fulani aliyeshuka nasi. Moyo wangu ukafa. Kalolaine aliusimamisha mkeka wake mbele yake kama mlango.

Sitiveni akageuka, akamwona dada yake. Mikono ikashuka. Hakusogea hata hatua moja. Palepale, katikati ya watu na vigari vya mizigo, akaanza kujishusha, goti moja kwanza, kisha la pili huku akiguna kwa maumivu, hadi akakaa chini sakafuni, miguu ameikunja, kichwa amekiinamisha. Watu wakampita kushoto na kulia. Mlinzi akaja mbio kuuliza kama mzee anaumwa.

"Haumwi," Kalolaine alimwambia mlinzi kwa Kitonga, ambacho yule maskini hakukijua. Alikuwa analia waziwazi, anasema asante, asante, sijui akimwambia nani. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Mwambie baba yako ainuke. Sakafu ni baridi."

Toakase akamwambia. Sitiveni akajaribu kuinuka, magoti yakagoma.

Dada mtu haruhusiwi kumgusa. Basi nikaenda mimi, nikashika mkono mmoja, mlinzi akashika wa pili, tukavuta.

"Taratibu, Seini!" Kalolaine alinikemea kwa mbali. "Ndiye niliyebaki naye."