Mistari Kumi na Miwili ya Porini

Watu wa pwani wakitaja bara, Tabora imo. Watu wa Tabora mjini nao wakitaja porini, Ipole imo. Octavian Lugembe aliligundua hilo akiwa na miaka kumi na minne, alipopelekwa kusoma mjini na kukaa kwa mjomba wake, mtaa wa Kanyenye. Wenzake walipomuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Sikonge," jina la wilaya yao. Baadaye hata Sikonge ilimshinda kutamka.

Alirudi kwao Ipole na cheti chake, na kikundi cha warina asali kikamchagua kuwa katibu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujaza fomu ya ramani ya kambi zao msituni. Kambi zilikuwa kumi na mbili. Penye safu ya jina la mahali, Octavian aliandika "porini" mara kumi na mbili. Wageni wa mjini wangesoma, naye aliyaonea aibu majina halisi ya kambi.

Fomu ilisomwa mkutanoni na mwenyekiti, Renatus.

"Kambi ya kwanza, porini. Ya pili, porini. Ya tatu..."

Watu wakaangua kicheko.

"Katibu," akaita shangazi yake, Gaudensia, mwenye mizinga thelathini, "mimi yangu iko porini namba ngapi? Nisije nikarina ya jirani!"

Renatus hakucheka. Kidole chake kilisimama mstari wa tisa. "Hapa ni Kwa Ngollo," alisema polepole.

Kicheko kikakatika. Warina asali wa Ipole huipa kambi jina la mtu aliyetundika mzinga wa kwanza pale, na Ngollo alikuwa babu yake Octavian. Octavian mwenyewe aliwahi kulala kambini hapo utotoni, akiwa amejifunika koti la mzee huyo.

"Hukulijua, baba?" Gaudensia aliuliza, safari hii bila mzaha.

Angeweza kusema hakulijua. Wangemsamehe.

"Nililijua, shangazi. Yote nayajua."

Alichukua fomu, akafuta, akaandika upya mstari kwa mstari, akiyataja majina kwa sauti ili wamsahihishe. Hakuna aliyemsahihisha hata mara moja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Tumemaliza," Renatus akasema.

"Bado, mwenyekiti." Juu kabisa, penye mahali alipozaliwa katibu, palikuwa pameandikwa Tabora Mjini. Hakuna aliyekuwa amepaona. Octavian alipasoma mbele yao, akapapiga mstari, akaandika Ipole.