Mate ya Kukhu

Nikiwa mtoto pale Kambi Muru, tuliamini mate ya mzee yana kazi. Ukimwosha mzee na kumpaka mafuta, naye akakutemea mate kifuani, nawe utazeeka vizuri na hutakosa wa kukuosha. Kwetu mzee alikuwa Kukhu, nyanya yetu, na mwenye kumwosha alikuwa Nafula, binti wa mama mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, lakini nilizaliwa wa mkono wa kushoto, na mkono huo, Kukhu alisema, hurudisha baraka ilikotoka.

"Wewe leta maji, weka hapo, usiniguse."

Basi mimi nikabeba beseni, Nafula akabeba sifa. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja Nafula alikawia bombani, maji ya Kukhu yakaanza kupoa. Mzee wa watu ameketi kwenye kigoda, anatetemeka. Nikaufunga mkono wangu wa kushoto mgongoni kwa leso, nikamwambia, "Kukhu, ona, haupo."

Akacheka bila meno, akaniachia mgongo. Nilimsugua taratibu, nikijua leo mate ni yangu. Mara kigoda kikateleza kwenye povu, Kukhu akaenda upande. Sijui ile leso ilifunguka vipi, kwa maana mkono uliomdaka kabla kichwa hakijagonga saruji ulikuwa ule ule mbaya.

Akautazama. "Umeshika," akasema, basi. Nafula alipoingia na jerikeni, Kukhu akamwita, akamtemea yeye kifuani. Siku hizi nafikiri hakunichukia. Aliogopa tu baraka isipotee njiani. Lakini siku ile nilimsogelea Nafula nikamgusa pale palipolowa.

"Unaniibia mate?"

"Naangalia kama yamekauka."

Akafunga vifungo mpaka shingoni, akalala na gauni lile.

Leo Nafula yuko Gatina, ghorofa ya juu kabisa, kwa binti yake Ruthi. Nendeni mwone. Uji anapoziwa, presha anapimiwa kwa kamashine ka mkononi, miguu anasuguliwa, chooni anapelekwa ameshikwa kiuno kama bibi harusi. Majirani wanasema mama huyo amebarikiwa, na wananiambia mimi, kana kwamba sina macho. Mimi naishi Laini Saba peke yangu, wanangu wako mbali na simu zao zimelala. Kila Jumapili napanda ngazi zile nikaone ameongezewa nini.

Juzi muuguzi anayetembelea wazee majumbani alimkuta hawezi kunyoosha magoti. Akamwambia Ruthi amwache mama atembee mwenyewe, asibebwe bebwe. Kisha akanishika mimi magoti, akaniita nyanya kwa lugha yake.

"Cucu, haya magoti ni ya msichana. Unafanya zoezi gani?"

"Wivu," Nafula akajibu kabla sijafungua mdomo. "Huyu hupanda hapa kwa wivu."

Tulicheka mpaka Ruthi akaja kuuliza kuna nini.

Sibishi, mate yalifanya kazi. Nafula ana mikono ya kumwosha. Mimi nilipata magoti, na magoti hayakutemewa na mtu. Nikifika kwangu jioni simu hulia: "Mama mkubwa, umefika salama?" Nasema nimefika, naikata haraka, maana nyuma ya Ruthi namsikia Nafula akimwambia, muulize kama amekula. Hata mtu wa kuniwazia, basi, nimeazimwa na Nafula.