Siku Nywele Ziliposimama Manga

Binti yangu ndiye aliyetaka twende. Anafanya kazi benki huko Nakuru, na amejiunga na vijana wenzake ambao wakipata nafasi hutafuta mlima wa kupanda. Alikuja nyumbani Kisii na wawili kati yao: msichana mpole anayefanya naye kazi, na kijana mrefu wa Machakos ambaye mdomo wake haukupumzika. Jumamosi jioni, tulipotoka kanisani, alinieleza kwamba kesho yake tungepanda Manga, ule ukingo wa mawe unaouona ukienda Nyamira, na kwamba hata mimi nilikuwa nimehesabiwa. Nilimkumbusha magoti yangu. Akanikabidhi fimbo ya chuma aliyoninunulia, ya kutembelea, nikaona hapo hapana tena mjadala.

Asubuhi hakukuwa na upepo. Migomba ilisimama tuli, hata yale majani yaliyochanika hayakutikisika. Kwetu mvua huja alasiri kutoka upande wa ziwa, na watu hupanga shughuli zao wakijua hivyo. Lakini wiki ile ilinyesha ilivyotaka. Siku chache nyuma radi ilikuwa imeua ng'ombe wawili wa jirani waliofungwa chini ya mkaratusi. Nilienda kuwaona. Walilala ubavu, miguu imekakamaa, wala hawakuwa na jeraha. Niliwasimulia wageni tukinywa chai. Kijana alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema tungekuwa tumeshuka kabla ya mvua kuamka.

Tulianza kupanda kupitia mashamba ya majani chai. Vijana walitangulia wakicheka, wakasimama kunisubiri, wakatangulia tena. Msichana wa Nakuru alishangaa kusikia binti yangu akiniita baba. Nikamweleza kwamba kwa Kikisii baba ni mama, naye akalicheka hilo njia nzima. Nami nilicheka, lakini jasho lilinitoka kuliko kawaida. Hewa ilikuwa nzito kama ya jikoni mlango ukiwa umefungwa. Sikusikia ndege.

Kwa ajili yangu tulichelewa kufika juu. Kutoka pale unaona vilima vyote vya Gusii vimepangana, mabati yanang'aa kila mahali, na upande wa magharibi, siku njema, utepe mweupe ambao ni ziwa. Siku hiyo ziwa halikuwepo. Mahali pake palikuwa na wingu la rangi ya chuma, na vilima vya mbali vilikuwa vikimezwa kimoja kimoja bila kelele yoyote. Nikasema tushuke. Wakaomba wale kwanza, wapige picha. Kijana alisimamisha simu yake kwenye kijiti chake cha miguu mitatu, juu ya jiwe la mwisho kabisa ukingoni, akatupanga.

Nilikuwa nimemgeukia binti yangu nimtengeneze kola. Nywele zake, ambazo hakuwa amezisuka, zilikuwa zikiinuka. Hazikupeperuka, maana upepo haukuwepo. Ziliinuka zenyewe, taratibu, zikasimama wima kuzunguka uso wake. Yeye alikuwa akitabasamu kwenye simu, hajui. Ndipo nikasikia mawe yakivuma, sauti nyembamba kama ya nyuki walio mbali, na fimbo ikanichonyota mkononi.

Niliitupa. Niliwaambia wakimbie, na nadhani ni sauti yangu iliyowatisha, kwa sababu hawakuuliza. Tuliteremka kwenye korongo lililo chini kidogo ya kilele, mimi nikiburuzwa mkono, nikianguka na kuinuliwa. Tulipofika chini ya korongo tulikuwa watatu. Kijana alikuwa amerudi kuchukua simu.

Binti yangu alimwita mara moja. Kisha akauachilia mkono wangu.

“Usiende,” nikamwambia.

“Baba, kaa hapa na huyu,” akasema, akimwonyesha rafiki yake. “Msisimame.”

Akapanda. Nilitazama visigino vyake vikipotea juu ya ukingo wa korongo. Msichana alikuwa amechuchumaa kando yangu ameziba masikio, akisali kwa sauti ya chini. Mimi sikuweza kusali. Nilitazama tu mahali alipopitia.

Mwanga ulikuja pamoja na mlio. Ardhi ilinipiga kwenye nyayo. Kisha mvua ya mawe ikaanza, na nilipoita jina la mwanangu sikuisikia sauti yangu. Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Najua kwamba katika muda huo nilimwona akiwa kama wale ng'ombe, amelala ubavu, na kwamba niliipanga safari ya kumrudisha nyumbani, nani angembeba, ningempigia nani kwanza.

Alitokea juu ya korongo akitambaa. Alikuwa akimvuta mwenzake kwa kwapa. Kijana alikuwa hai, macho wazi, akipumua kwa kelele, lakini miguu yake ilimfuata kama ya mtu mwingine. Kiatu kimoja hakikuwepo. Alikuwa akiuliza swali lile lile: miguu yangu iko wapi?

Tulimteremsha sisi wanawake watatu, mawe ya barafu yakitupiga vichwani, tukiteleza kwenye matope hadi mashamba ya majani chai, ambako watu walitukimbilia na kumbeba. Hospitalini walimlaza. Jioni vidole vya miguu vilianza kusikia, na kesho yake alisimama akishikilia kitanda. Daktari alisema radi haikumpiga yeye hasa, ilipiga jiwe na kupita ardhini.

Alikaa kwangu hadi alipoweza kusafiri. Hakuwa tena yule wa kusema. Kila alasiri wingu lilipokuja aliondoka sebuleni akaenda kuketi kwenye ujia, mbali na madirisha, na binti yangu alienda kuketi sakafuni karibu naye. Nilikuwa nimeambiwa ni rafiki tu. Niliwapita nikielekea jikoni, na sikuuliza.

Juzi binti yangu alipiga simu. Tuliongea kuhusu magoti, kuhusu bei ya ndizi. Mwishoni akaniambia kwamba Desemba wanataka kupanda Mlima Kenya.

Nilimuuliza kama kijana amekubali.

“Baba, ni yeye aliyeomba,” akasema. “Anasema hawezi kukaa akiogopa.”

Nilimwambia sawa. Nilipokata simu nilikwenda nje kuanua nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi, kwa sababu migomba ilikuwa imetulia.