Tinker kwenye Kibaraza cha Coralie

Kilichomuuma Glenys Pascoe si kwamba Tinker aliteseka kwa Coralie. Lo, afadhali angeteseka kidogo! Kilichomuuma ni kwamba mbwa alinawiri. Manyoya yaling'aa, shingoni kavalishwa mkanda mpya mwekundu badala ya ule wa ngozi alioushona Glenys kwa mkono wake, na kila Jumapili Glenys alipofika na mfuko wake wa maini, alimkuta kalala chali kwenye kibaraza cha Coralie Budge, miguu juu, utadhani nyumba ni yake.

"Karibu, Glen!" Coralie aliita kutoka jikoni. Alikuwa mwoka mikate wa mji, mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, kicheko karibu. "Mwache alale, maskini. Usiku kucha kanisukuma kitandani."

"Kitandani?"

"Eh, miguuni pangu. Anakoroma huyo, mpaka madirisha yanatikisika!"

"Tinker ni mbwa wa kondoo, Coralie. Mbwa wa kondoo halali kitandani."

"Basi mwambie wewe, mimi hanisikii."

Glenys akacheka, lakini kicheko cha meno tu. Moyoni alikuwa akisema: mimi miaka yote hiyo nimemlaza chumba cha kufulia, kwa heshima zake, leo wewe unamtia kwenye shuka! Akachungulia bakuli la maji, akakagua kucha, akafunua masikio, akatafuta kosa kama mama mkwe aliyekuja bila kualikwa. Hakuona kosa. Akarudi zake nyumbani amenuna.

Chanzo cha yote ni nyumba. Glenys na marehemu mumewe Merv walikuwa wamepanga kijumba cha mbao kwenye shamba la kondoo nje ya mji wetu mdogo wa Yarrabee, kodi ndogo, mwenye shamba mtu wa zamani asiyeuliza maswali. Mzee yule akafa, watoto wake wakauza shamba kwa kampuni ya mjini, na kampuni ilitaka ardhi, haikutaka mjane na mbwa wake. Nyumba za kupanga Yarrabee ni za kugombania. Glenys alizunguka miezi, akaambulia vyumba viwili nyuma ya posta, na wakala, Bwana Tully, akamsomea masharti wamesimama mlangoni.

"Mnyama hapana," Tully alisema.

"Ni mzee huyu. Hata kubweka kaacha."

"Hata samaki, Glen. Mwenye nyumba hataki. Na mimi nakuja kukagua kila baada ya miezi mitatu, mpaka kabati nafungua."

"Kwani samaki atatafuna zulia?"

"Sheria sikuiandika mimi, Glen. Nawe unajua nina watu sita wanaitaka nyumba hii."

Hakuwa mtu mbaya Tully, na hilo ndilo lililoudhi, maana hata kumchukia raha yake haikuwepo. Glenys akatia sahihi. Coralie aliposikia akaja mbio, mikono bado ina unga: yeye ana ua, ana pikapu, ana nafasi moyoni tangu mume wake atoroke na yule mwanamke wa mji wa Wagga, atamchukua Tinker kwa mikono miwili. Akasema hayo huku machozi yanamtoka. Wewe unalilia nini, Glenys akawaza, anayepewa naye analia?

Sasa hapa sina budi kusema jambo ambalo Yarrabee nzima hatukulijua.

Kila mwaka kwenye maonyesho yetu ya wakulima, mashindano ya keki yakishamalizika kwa ugomvi wake wa kawaida, kuna shindano la mbwa kuruka. Pikapu huegeshwa katikati ya uwanja, nyuma yake panasimamishwa ukuta wa mbao. Mwenye mbwa anapanda juu, anasimama ndani ya pikapu, anamwita mbwa wake aliye chini. Mbwa akiruka na kuingia, unaongezwa ubao mwingine, na mwingine, mpaka abaki mmoja. Tinker alikuwa bingwa. Utepe wa buluu aliuchukua mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka Glenys alifanya kioja kilekile: anajipiga paja mara mbili, halafu anamgeuzia mbwa mgongo na kuanza kuhangaika na chupa yake ya chai kama mtu anayejiandaa kwenda zake. Sisi tulikufa kwa vicheko. "Glen ana moyo mwepesi, hawezi kutazama!" Naye alituacha tuseme.

Kumbe mgongo ndio ulikuwa wito wenyewe. Tangu akiwa mtoto, alipokuwa akiwafuata Glenys na Merv kwenye kondoo, Tinker hakuruka kwa kuitwa. Ungemwita mpaka sauti ikauke. Aliruka pale tu alipoona mgongo wako unaondoka, ili asiachwe.

Ndiyo maana siku ile ya kumkabidhi, Glenys alitoka kwa Coralie akitembea kinyumenyume. Uzio wa pale ni wa kiunoni tu. Angempa kisogo Tinker, mbwa angekuwa ndani ya gari kabla yake. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho kwa macho na mbwa, mpaka akajikwaa kwenye mpira wa maji na kukaa kitako juu ya mnanaa wa Coralie.

"Glen! Unafanya nini?"

"Namuaga," Glenys alisema, na akainuka bila kugeuka.

Miezi ikaenda. Jumapili moja ya baridi Coralie akamwekea chai na pai ya nyama, akakaa, akaanza kusuguasugua mapaja kama mtoto mwenye ombi.

"Nimemwandikisha Tinker kwenye maonyesho. Usikasirike."

"Nikasirike kwa nini?"

"Sasa hataki kuruka, Glen. Namwita, ananitazama tu kama mimi ndiye mjinga. Siri yake nini, mwenzangu?"

Glenys akamtazama mbwa. Kidevu cha Tinker kilikuwa juu ya kiatu cha Coralie, si chake yeye, ingawa mfuko wa maini ulikuwa mkononi mwake yeye. Wivu ukampanda. Vyote nimekupa, akawaza, bakuli, blanketi, mbwa mwenyewe. Na hili pia? Ng'o!

"Hana siri," alisema. "Mwite kwa jina, umtazame machoni. Usimwondolee macho hata kidogo."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Akala pai yote, akaomba na nyingine. Njiani kurudi aliimba.

Siku ya maonyesho jua lilitoka, vumbi likatoka nalo, na Glenys akawahi nafasi kwenye uzio mbele kabisa, soseji yake kwenye mkate mkononi, vitunguu vinamdondokea. Alikuja kuona. Hakuidanganya nafsi yake: alikuja kumwona Coralie akiaibika.

Na aliona. Coralie alipanda pikapu kwa shida, blauzi mpya, uso umeiva. Ubao wa kwanza ni wa chini, hata kuku angeupita. "Tinker!" akaita. "Tinker, mwanangu, njoo!" Akamkodolea macho. Tinker akakaa kitako.

"Nafasi ya kwanza imekwenda," alisema mwenye kipaza sauti. "Labda anasubiri ngazi."

Watu wakacheka. Glenys alisikia utamu, utamu hasa, mpaka vidoleni. Coralie akaita tena, sauti imepanda, macho yamemtoka pima. Tinker akainamisha kichwa, akaanza kutetemeka.

"Ya pili imekwenda!"

"Mtoeni huyo atupishe!" Mzee Vern akapiga kelele, yule mwenye mbwa wanaoshindwa kila mwaka. "Kazeeka, kanenepa, kawa mto wa kochi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na safari hii walimcheka mbwa. Glenys soseji ikamkwama. Tinker wake! Bingwa, anachekwa na Vern!

Ndipo mbwa akainua pua. Akageuka. Akaja moja kwa moja kwenye uzio, akapenyeza uso kati ya waya, akaubandika kwenye mkono wa Glenys na kuguna.

"Bado anamjua mwenyewe!" mtu akasema nyuma.

Anamjua! Glenys moyo ulimpasuka kwa furaha. Aliinua macho ili Coralie aone vizuri, na Coralie alikuwa ameona. Alikuwa bado juu ya pikapu, mikono imening'inia, uso umemshuka.

"Nimekosea wapi, Glen?" akauliza mbele ya watu wote, bila kinyongo. "Nimemtazama machoni kama ulivyoniambia."

Kando yake Glenys akasikia mtu anakohoa. Alikuwa Bwana Tully, naye ana soseji yake.

"Umefurahi kumwona, ee?" Tully alisema kwa upole. "Lakini usije ukamleta nyumbani, Glen. Nakagua wiki ijayo."

Basi hapo ndipo furaha ilipoishia. Mbwa anatetemeka mkononi mwake, na yeye hana pa kumpeleka. Nyuma ya posta kuna vyumba viwili na kabati linalofunguliwa. Kitanda kipo kwa Coralie, na ua, na chakula, na mtu wa kumlilia. Ameshinda, na ushindi wenyewe hauna mlango wa kuingilia.

"Nafasi ya mwisho," kipaza sauti kikasema. "Anaruka au haruki?"

"Mgeuzie mgongo!" Glenys akapaza sauti.

"Nini?"

"Nilikudanganya! Usimtazame! Jipige paja mara mbili, umpe kisogo, jifanye unakwenda zako!"

Coralie alimtazama Glenys kitambo, na Glenys akaona kwamba ameelewa yote, jinsi uongo ulivyoanza na kwa nini. Akajipiga paja, pa, pa, akageuka na kuwapa wote ule mgongo wake mpana.

Pua ikatoka mkononi mwa Glenys. Ilitoka ghafla hivyo, kabla hajajiandaa. Tinker alikata uwanja mbio, masikio nyuma, akaruka, akapita juu ya ubao kwa nafasi ya ubao mwingine mzima, akatua miguuni pa Coralie. Kelele zilizopigwa zilimzindua hata jaji wa keki.

Waliendelea hivyo, ubao juu ya ubao, wakaja kushindwa na mbwa mmoja kijana wa kule mtoni na kupewa utepe mwekundu wa mshindi wa pili. Coralie akamleta Tinker uzioni bila kamba, akamnyooshea Glenys utepe.

"Chukua. Ni wako."

"Sitaki utepe."

"Jumapili utakuja?"

"Nitakuja." Wivu ulikuwa bado upo pale pale, haukupungua hata tone, ulimchoma Glenys alipomtazama Coralie akimkuna mbwa nyuma ya sikio, mahali penyewe hasa. "Usimpe pai. Inamharisha."

"Hapewi pai."

"Anapewa. Nimeona makombo."

Akamshika Tinker kichwa kwa mikono miwili, akakiachia. Kisha akafanya jambo ambalo, kuanzia siku ile ya mnanaa, hakuwa amelithubutu hata Jumapili moja. Alimgeuzia mgongo.

Akatembea. Alipita hema la chai la akina mama, akapita mabanda ya kuku, taratibu, masikio yake yote yako nyuma. Karibu na geti alijipiga paja mara mbili, kama mtu anayekung'uta vumbi. Akasikiliza. Alisikia kipaza sauti kinawaita wakata magogo kwenye shindano lao, na kelele za watoto, na farasi; miguu ya mbwa hakuisikia.

Hakugeuka kutazama. Alifika kwenye gari, akafungua mlango wa upande wa abiria kwa mazoea, akasimama kidogo ameushika, kisha akaufunga na kuzunguka upande wake.