Kopo la Kinanda

Mtaa mzima ulimwita Taratibu, na haukumwonea. Redio ukimpelekea Jumatatu, utaifuata Jumatatu nyingine, naye atakutazama juu ya miwani na kukwambia, "Taratibu, inakuja." Tena ilikuwa inakuja kweli. Kwa miaka thelathini na tano aliyokaa katika kile kibanda chake chenye dirisha moja na meza iliyojaa vidoti vya moto wa kulehemu, hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kitu kwa ubovu uleule. Taratibu akisema kimepona, kimepona. Watu walimtania kwa uzito wake, lakini neno lake waliliamini, na yeye aliliringia kimyakimya.

Sasa mtu wa namna hiyo akiwa na uongo mmoja tu maishani, uongo huo humsumbua kuliko sisi wengine tunaosema tatu kabla ya chai. Wa Taratibu ulikuwa umelala ndani ya amplifaya ya shemeji yake.

Siku uliposemwa, shemeji hakuwa shemeji bado. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi, kijana aliyejua kuvaa, watu wakimwita Vidole. Alikuwa pia kaka wa yule binti wa duka la vifungo na nyuzi lililotazamana na kibanda, na fundi wetu alikuwa amekwisha kununua vifungo vya kumtosha hadi uzeeni bila kuwa na shati la kuvishonea. Basi siku hiyo Vidole akaingia na amplifaya iliyoanguka kutoka kwenye lori la vyombo. Kila kitu kilikuwa kizima ila kopo la mwangwi, lililokuwa limepondeka.

Kopo hilo hukaa chini kabisa ya mashine. Ni la bati, bapa, lina urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na ndani yake zimening'inizwa springi nyembamba. Sauti ya gitaa hupitishwa kwenye springi hizo, ikatetemeka, ikachelewa kidogo, kisha ikarudi kwenye spika. Ndipo gitaa likasikika kana kwamba liko kwenye ukumbi mkubwa, hata kama mpigaji amejifungia stoo. Kopo likifa, gitaa linabaki kavu.

Taratibu hakuwa na kopo la kufaa, wala hakujua pa kulipata. Alichokuwa nacho ni kinanda cha umeme kilichotupwa na kanisa moja, na ndani yake mlikuwa na kopo la mwangwi. Lilikuwa refu mno, na springi zake hazikulingana na ile mashine hata kidogo. Akalilaza kimshazari, akachonga vigingi viwili vya mbao, akalifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mwangwi ulipotoka ulikuwa mzito, umechelewa, unayumba kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Haki ilikuwa amwambie mwenyewe: ndugu, hili ni la kubahatisha.

Lakini Vidole alikuja akasimama mlangoni, mikono kifuani, akamtazama kwa jicho la kaka anayemjua mnunuzi wa vifungo. "Umeweka la kwake?"

"La kwake kabisa, kaka. Nimeliagiza." Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma inakimbia.

Binti alimpata, akamwoa. Kumbe na Vidole alipata kitu. Mwangwi ule wa kuyumba ulimkaa mwilini, akajifunza kuusubiri, akawa anaacha nafasi kati ya noti na noti ili urudi na kukaa. Watu wakawa wanamtambua redioni kabla mwimbaji hajafungua kinywa. "Hiyo sauti anaitoa wapi?" waliulizana, na wajuaji wakajibu kwamba ni mkono, mkono ule una siri. Kila liliposemwa hilo mbele ya Taratibu, alitafuta glasi ya maji akanywa, hata kama hana kiu.

Mwaka jana Vidole alipatwa na kiharusi. Mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi, ukalala. Kwa miezi minane alikaa kitini akiminya mpira wa mtoto, anahesabu, anatukana, anahesabu tena. Ulipoamka akachukua gitaa, akawasha amplifaya, na mwangwi haukutoka. Akaileta kwa shemeji yake. Wenzake kwenye bendi walikuwa wanamngoja, naye alitaka kujisikiliza peke yake kwanza kabla ya kusikilizwa na watu.

Taratibu alipoifungua aliona ubovu mara moja. Kile kiwaya chembamba kama unywele kinachotoka kwenye koili ya springi kilikuwa kimekatika. Kazi ya dakika kumi, hata kwake yeye. Lakini hakushika chuma cha kulehemu. Alikaa akalitazama lile kopo la kinanda, na moyo ukamwambia: ndiyo nafasi yako hii. Siku hizi makopo yanaagizwa. Leta la kwake, funga, na ule uongo utakuwa umekuwa kweli, bila mtu kujua.

Akaagiza. Lilipofika alilinganisha kila tarakimu mara tatu. Akang'oa vigingi akavitupa jalalani, akalifunga jipya kwa skrubu zake nne, mdomo wake ukitazama chini inavyotakiwa, waya wa kupeleka sauti upande wake na wa kurudisha upande wake. Akaigonga mashine kidogo kwa kiganja, springi zikanguruma. Safi! Siku hiyo alipiga mluzi njia nzima kwenda nyumbani, mkewe akamuuliza kama ameokota kitu. Kopo la zamani alilifunga kwenye gazeti akalisukuma chini ya meza. Vidole aliichukua amplifaya bila kuijaribu pale kibandani. Aliona haya mkono wake usikiwe na wapita njia.

Siku ya nne, saa za mchana, mkewe akaja kibandani. Haikuwa kawaida yake. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Kaka amelitia gitaa kwenye mfuko wake," akasema. "Anataka kumpa mtu."

"Kwa nini?"

"Anasema mkono umekwisha. Anasema ile sauti yake haiji tena, hata afanyeje. Siku tatu anajaribu, baba. Leo nimemkuta analia. Kaka yangu, analia." Akajifuta macho kwa upande wa mtandio, kisha akamtazama mumewe. "Ile mashine lakini uliiangalia vizuri?"

"Niliiangalia."

"Imepona?"

"Imepona."

"Basi ni mkono," akasema mama wa watu, akainama.

Hapo Taratibu aliona kwamba neno lake, hilohilo analoliringia, ndilo lililomhukumu shemeji yake. Mashine haikuweza kuwa na kosa kwa sababu yeye amesema haina, na kama mashine haina kosa, kosa limebaki kwa mgonjwa. Angeweza kunyamaza. Kwa kiharusi kile, nani angeuliza? Nakuambieni ukweli, alifikiria kunyamaza, kwa muda wa kuvua miwani na kuivaa tena. Kisha akainama chini ya meza akavuta lile gazeti, akachukua na chuma cha kulehemu.

"Twende kwa kaka yako," akasema. "Sasa hivi." Mkewe hakuwahi kumsikia akisema sasa hivi.

Wakamkuta Vidole sebuleni, gitaa limelala kwenye mfuko kando ya mlango kama mgeni anayeaga. Taratibu hakukaa. Alijikaza kisabuni akalitoa kopo gazetini, akaliweka juu ya meza, na akasema yote tangu lori mpaka vigingi, bila kujipunguzia hata kimoja. Alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Vidole alilitazama kopo. Kisha akamgeukia dada yake. "Ulijua?"

"Ningejua ningeolewa?" akajibu dada, na macho aliyomtupia mumewe hayakuwa na mzaha.

"Kwa hiyo mimi," akasema Vidole polepole, "na ukumbi wote unaruka, nimekuwa nikipiga kinanda cha kanisa." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, halafu kicheko kikakatika. Akanyanyua mkono wa kushoto akauweka juu ya meza karibu na kopo. "Siku tatu, shemeji. Siku tatu nimeuchukia mkono huu. Nimeutukana matusi ambayo sijawahi kumtukana mtu."

"Naomba radhi, shemeji."

"Radhi baadaye. Lehemu kwanza."

Basi akalehemu palepale, mkewe akimshikia tochi, mchana kweupe, maana kiwaya kile hakionekani kwa macho ya miaka yake. Mara mbili unywele ule uliponyoka, na mara mbili Vidole akasema nyuma yake, "Taratibu, bwana, taratibu," mpaka hata yule mke aliyenuna akauma mdomo asicheke. Kopo jipya likang'olewa, na kwa kuwa vigingi havikuwepo tena, Vidole alivua kandambili zake, zikakatwa visigino, na lile la kinanda likakalia hivyo. Mpira wa baiskeli Taratibu alikuwa nao mfukoni.

Vidole akalitoa gitaa mfukoni, akachomeka waya, akapiga noti moja tu.

Ikaenda, ikachelewa, ikarudi nzito, inayumba. Alifumba macho. Akapiga nyingine, akaiachia nafasi yake, ikaja ikakaa. Dada yake akaziba mdomo kwa mkono. Kisha Vidole akaingia kwenye wimbo, mstari wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu kidole kikateleza, uzi ukakwaruza vibaya, na mwangwi ukalirudisha lile kosa polepole ili kila mtu alisikie vizuri.

Vidole akarudia. Kikateleza palepale.

"Umesikia?" akauliza Vidole.

Kulikuwa na jibu jepesi la kumfariji mgonjwa, lakini Taratibu alikuwa amechoka nayo majibu hayo. "Nimesikia, shemeji."

"Hapo ni mimi." Uso wote ulikuwa umefunguka. "Ni hiki cha mwisho, hiki mvivu, hakifiki. Siku tatu nilikuwa nakosea sijui ninakosea wapi, nimepotea kama niko nyumbani kwa watu. Sasa najua." Akakivuta kile kidole kidogo kwa mkono wa kulia, akakipanga juu ya uzi wake, akakiinamia karibu kabisa.

"Taratibu," akakiambia. "Inakuja."